Kuotesha asumini kwa vipandikizi

Chagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, yaani lile ambalo ganda lake limeanza kugeuka kahawia lakini bado linapindika bila kuvunjika. Asubuhi, kwa kisu kikali na safi, kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye vifundo (sehemu za tawi ambapo majani huchipuka) vitatu au vinne, na mkato wa chini upite chini kidogo ya kifundo, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hutoka kwa wingi. Yaondoe majani ya chini pamoja na vitumba vyote, hata kama moyo unasita, kwani ua hula nguvu inayohitajika kuotesha mizizi.

Changanya mboji na mchanga wa mto nusu kwa nusu; mchanga wa ufukweni usiutumie, maana una chumvi. Zamisha vifundo viwili, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na uweke chungu kivulini. Udongo uwe na unyevu tu, kwa sababu maji yakituama kipandikizi huoza.

Baada ya wiki nne hadi sita, kivute taratibu sana: kikishikilia, kimeshaota mizizi.