Somo: Gofu asubuhi, wiski mchana, huko Kintyre, Uskoti

Wakuu, ukitaja gofu Uskoti wengi wanawaza St Andrews. Sipingi, ila uwanja wake maarufu, Old Course, una droo: unaomba, majina yanatoka siku mbili kabla ya kucheza, na Jumapili kwa kawaida hakuna gofu. Mwenye siku chache na anayependa wiski namshauri aende Kintyre, ile rasi ndefu ya magharibi.

Hatua ya 1: Viza na msimu. Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Uingereza, na ndiyo hiyo hiyo ya Uskoti. Lenga Mei hadi Septemba. Mwezi Juni jua linazama karibu saa nne usiku, hivyo hata ukianza saa kumi na moja jioni unamaliza mashimo 18 kukiwa na mwanga.

Hatua ya 2: Barabara. Kutoka Glasgow hadi Campbeltown, mji wa huko Kintyre, ni kama kilomita 220, lakini tenga saa nne. Barabara ya A83 inapita mlima wa Rest and Be Thankful, ambako maporomoko ya udongo huifunga mara kwa mara. Angalia hali yake kabla hujaondoka. Gari ni kushoto kama kwetu.

Hatua ya 3: Gofu. Klabu ya Machrihanish, karibu na Campbeltown, ilianzishwa 1876, na shimo la kwanza pekee linatosha kukulipa nauli. Unapiga mshazari juu ya ufukwe, Atlantiki ikiwa kushoto kwako. Ukithubutu kukata kona kubwa, pigo la pili linakuwa fupi. Ukikosea, mpira uko mchangani na unaucheza hapo hapo, maana ufukwe ni sehemu ya uwanja. Piga mpira wa chini na uuache ubingirike, kwa sababu wa juu unabebwa na upepo. Waliozoea Nairobi au Arusha wajiandae: kule hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali, hapa ni usawa wa bahari na kuna baridi. Chukua fimbo ya kupiga mbali zaidi kwa hatua moja, hata mbili.

Hatua ya 4: Wiski. Springbank, hapo Campbeltown, ni kiwanda cha tangu 1828, na kimea chote wanakitengeneza wenyewe. Shayiri iliyolowekwa inatandazwa sakafuni na kugeuzwageuzwa hadi iote; aliyeona kimea cha mbege Kilimanjaro hatashangaa. Kisha inakaushwa, na moshi wa mboji ya kuchoma (peat, udongo wa mimea iliyooza) ndio unaoleta tofauti. Wana wiski tatu: Longrow ina moshi mzito, Springbank wa wastani, Hazelburn haina kabisa na inakenekwa mara tatu. Zote tatu zinatoka kiwanda kimoja, kwa hiyo zionje pamoja. Ziara weka nafasi mapema, zinajaa.

Hatua ya 5: Gari libaki hotelini. Tangu Desemba 2014 kikomo cha dereva Uskoti ni miligramu 50 za pombe kwa mililita 100 za damu. England bado ni 80. Glasi mbili zinaweza kukuharibia safari. Viwanda vingi humfungia dereva sehemu yake kwenye vichupa akanywe baadaye.

MASWALI

*Mkuu, makedi wapo?*
Usitegemee kama huku kwetu. Viwanja vya vijijini wengi wanavuta toroli au wanabeba begi wenyewe. Ukimtaka kedi, ulizia siku unapoweka nafasi.

*Mie Muislamu, nafuata gofu tu. Sitaboreka?*
Hata kidogo, dada. Jirani kuna Machrihanish Dunes, uwanja uliofunguliwa 2009, ambako kondoo husaidia kupunguza majani. Samaki utapata. Nyama ya halali nunua Glasgow kabisa, mbele huko ni shida.

*Chupa ngapi naruhusiwa kurudi nazo?*
Forodha ya Afrika Mashariki inakusamehe ushuru wa lita 1 ya pombe kali. Zaidi ya hapo utalipa. Zifunge kwenye begi la chini ya ndege, katikati ya nguo. Soksi za gofu zinafaa sana, chupa inaingia vizuri.