Somo: Kuchagua uzi wa fluorokaboni kwa mulineti, kwa sisi tunaovua juu ya mawe ya Goma

Salaam, wavuvi. Swali la fluorokaboni limejirudia mno humu, basi nalijibu lote mahali pamoja. Malalamiko ni yale yale: mtu ameambiwa dukani kwamba uzi huu samaki hauoni kabisa, ameujaza kwenye mulineti (mashine ya kukunjia uzi iliyo kwenye fimbo) mpaka ukingoni, akitupa mara ya kwanza unachomoka wote kama chemchemi ya godoro, na nusu ya asubuhi inaishia kwenye kufumua matata.

Msimamo wangu nautoa mapema kwa asiye na muda wa kusoma yote. Kwa wengi wetu hapa, fluorokaboni inatosha mita moja na nusu ya mwisho, karibu na ndoano. Anayetaka kujaza bobini nzima achague nyembamba na laini, hata muuzaji akisifu nene namna gani.

Nazungumzia mulineti ya kawaida, ile ambayo bobini yake imetulia wakati wa kutupa na uzi unatoka pindi kwa pindi juu ya ukingo. Uzi mgumu hauipendi safari hiyo.

Hatua ya 1: Tazama maji na mawe kabla ya kwenda dukani

Goma imekaa juu ya lava. Mvua ikinyesha, maji yanapenya chini; hatuna mto wa kumwaga tope ziwani pale mjini. Ndiyo maana siku ya utulivu ukisimama ufukweni Himbi au Kyeshero unaona mawe ya chini waziwazi. Samaki naye anaona. Tilapia mkubwa kwenye maji ya namna hiyo anakaribia chambo, anasimama, anarudi nyuma taratibu. Hapo uzi usioonekana sana una faida.

Halafu mawe yenyewe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na jiwe lake bado lina meno. Uzi wa kusukwa, ule mwembamba wa kisasa, ukigusa ukingo wa jiwe hilo huku umevutwa unakatika bila kukuonya. Fluorokaboni inakwaruzika lakini inavumilia. Mimi naipenda kwa sababu ya mawe kuliko kwa sababu ya kujificha, na nadhani wauzaji wangeisifia hilo wangepata wateja wenye furaha zaidi.

Ziwa letu la Kivu halina sangala wala poisson-tigre, yule samaki wa meno makali, kwa hiyo hakuna haja ya unene wa kutisha. Tunatafuta tilapia, na kambale pale penye majani na tope. Sambaza, wale samaki wadogo, ni kazi ya nyavu na taa usiku, tuwaachie wenyewe.

Hatua ya 2: Jua unachonunua

Fluorokaboni ni plastiki iitwayo polivinilidini floridi. Kampuni ya Kureha ya Japani ndiyo iliyoianzishia kazi ya uvuvi mwaka 1971, kwa jina la Seaguar. Maji hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, fluorokaboni 1.42, nailoni inapita 1.5. Unaona kwamba inayakaribia maji bila kulingana nayo. Anayekuapia kwamba haionekani kabisa anatafuta kuuza.

Ni nzito pia. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.78, wakati nailoni ni kama 1.14. Kwa hiyo inazama na kushusha chambo haraka, jambo zuri kwa chambo cha chini na baya kwa chambo cha bandia kinachoelea: itakivuta pua kiende chini. Nailoni hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake ikilowa, fluorokaboni hainywi. Jua nalo haliidhuru upesi, na sisi tunavua kwenye ziwa lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ambako jua halina huruma.

Ubaya wake: ni ngumu, inashika umbo la bobini, na fundo lililofungwa vibaya linaikata. Wengine wanasema haivutiki. Inavutika, ila ikishavutwa kupita kiasi hairudi ilivyokuwa. Ukinasa kwenye jiwe ukavuta kwa nguvu zote mpaka ikanasuka, kata mita kadhaa za mbele kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Chagua kwa milimita

Kwenye pakiti utaona kilo, ratili na milimita. Soma milimita kwanza. Kilo kila kiwanda kinaandika kwa imani yake, lakini unene ndio utakaoamua kama uzi utalala kwenye bobini au utaruka.

Namba ya mulineti ni ukubwa wake. Mulineti ya 1000: usipite 0.20. Mulineti ya 2000 au 2500, ambazo wengi wetu tunazo: 0.20 mpaka 0.23. Unene wa 0.22 ni kama ratili 6, yaani kilo 2.7 hivi, na breki ikiwa imelegezwa vizuri tilapia wa Kivu hakushindi. Mulineti ya 3000 inaweza kubeba 0.25. Zaidi ya hapo unajitafutia taabu. Ukikuta uzi wa Kijapani wenye namba tu, kumbuka namba 2 ni kama milimita 0.235.

Hizo ni za kujaza bobini. Kwa kipande cha mbele, ile mita moja na nusu ya mwisho, unaweza kupanda mpaka 0.28 au 0.30 penye mawe mabaya, kwa sababu kipande kifupi hakikai kikijikunja kwenye bobini.

Hatua ya 4: Ujaribu uzi mkononi

Tafuta maandishi ya "100 % fluorocarbone". Kuna nyuzi nyingi ambazo ni nailoni iliyopakwa fluorokaboni juu. Si mbaya, lakini hazipaswi kuuzwa kwa bei ile ile. Muuzaji akikuruhusu, fungua nusu mita, iache ining'inie, itazame. Ikibaki na pete nyingi ndogo na haitaki kunyooka hata ukiipitisha kati ya vidole, irudishe. Ikinyooka na kubaki na wimbi kidogo, hiyo inafaa mulineti. Tia kipande kwenye glasi ya maji ukisukumie chini ya uso: fluorokaboni inakwenda chini moja kwa moja, nailoni inasitasita.

Kuna watu wanaopima kwa kiberiti. Msifanye hivyo. Plastiki hii ikiungua hutoa gesi ya floridi ya hidrojeni, inayounguza macho na mapafu. Hata mabaki yake msiyatupe kwenye mbabula.

Hatua ya 5: Kujaza

Anza na nailoni ya bei rahisi chini, kisha mita 80 hivi za fluorokaboni juu. Huhitaji zaidi, hakuna anayetupa mbali hivyo, na unaokoa pesa. Weka bobini ya dukani chini, karatasi ikitazama juu, zungusha mulineti mara kumi na tano, kisha legeza uzi. Ukijisokota, geuza bobini upande wa pili. Bana uzi kwa kitambaa kilicholowa muda wote. Acha milimita 3 kabla ya ukingo. Kwa nailoni watu wanaacha kidogo zaidi ya 1 na inakubali, kwa fluorokaboni haikubali.

Wakati wa kuvua, ukishatupa, funga ule upinde wa waya kwa mkono, usifunge kwa kuzungusha mpini. Kisha vuta uzi kidogo uingie sawasawa. Kitendo hiki kidogo kinaondoa sehemu kubwa ya matata.

Hatua ya 6: Fundo

Lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Kila mara. Msuguano wa kukaza fundo kavu unatoa joto, joto linadhoofisha uzi pale pale unapohitaji nguvu. Kaza polepole. Kwa ndoano natumia palomar: kunja uzi mara mbili, upitishe kwenye jicho la ndoano, funga fundo la kawaida, ingiza ndoano yote katika kitanzi, vuta. Kuunganisha kipande cha mbele na uzi wa kusukwa, mafundo mawili ya uni yanayokutana yanatosha.

Kila baada ya kunasa, pitisha sentimita 50 za mwisho kati ya kucha. Ukisikia mkwaruzo, kata ufunge upya.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Himbi: Muzee, mimi nilishajaza 0.30 yote kwenye mulineti ya 2500. Niitupe?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Itoe, izungushe kwenye kibao, iwe akiba ya vipande vya mbele. Ikikaa mbali na joto haizeeki upesi, utaitumia miaka. Kwenye mulineti weka nailoni ya 0.22 au uzi wa kusukwa.

Mama wa Kituku: Sisi tunavua kwa uzi wa mkono, ndani ya mtumbwi, chubwi na mnyoo. Hii fluorokaboni itatuongezea nini?
Jibu: Mama, kwa kazi hiyo karibu hakuna. Nailoni ni laini mkononi na ni rahisi. Kama maji ni meupe na samaki wanasita, ongeza kipande cha mita moja tu mwishoni. Pesa nyingine nunua ndoano nzuri.

Mkaaji wa Kadutu: Hapa Bukavu wakati wa mvua maji yanakuwa kahawia, hasa pale mto Kawa unapoingilia. Bado inafaa?
Jibu: Kwenye tope samaki haoni nailoni wala fluorokaboni, anafuata harufu na mtikisiko. Usilipie kujificha mahali ambapo kila kitu kimefichika. Ukihamia kwenye mawe, mbali na mto, hapo irudishe.

Mvuvi wa Lubumbashi: Kaka, sisi tunakwenda mto Luapula, upande wa Kasenga. Poisson-tigre ananikatia kila siku, hata 0.50. Nipande mpaka ngapi?
Jibu: Usipande. Yale meno yanakata fluorokaboni ya unene wowote unaoweza kufungika vizuri. Weka kipande cha waya ya chuma, sentimita 20 au 30, mbele ya ndoano. Yule samaki anakuja kwa kasi, hana muda wa kuchunguza waya.

Mgeni humu: Nataka kuanza saa kumi na moja alfajiri, kuna kishimo kizuri kati ya mawe karibu na maji, kimekingwa na upepo. Nahitaji uzi gani?
Jibu: Kabla ya uzi, uliza wenyeji kama kishimo hicho kina mazuku, yaani hewa ya kaboni inayotoka ardhini. Hewa hiyo ni nzito, inatulia kwenye mabonde madogo usiku na alfajiri pasipo upepo, na huku kwetu, kuelekea Sake hasa, imeua watu na mifugo. Ukiona mende, mijusi au ndege wamekufa hapo, ondoka upesi. Simama juu, penye upepo, hata kama utatupa vibaya. Uzi wa 0.22 utakutosha.

Kijana wa Himbi: Nimerudi. Vile vipande vifupi vilivyobaki nivifanye nini, kama havichomwi?
Jibu: Vikate vifupi vifupi, tia kwenye chupa ya plastiki, funga kifuniko, peleka na takataka. Usiviache kwenye mawe: haviozi, na vitashika miguu ya ndege na nyavu za wenzako wa sambaza. Chupa ikijaa uje utuambie umetumia bobini ngapi, tutajua kama unafunga mafundo vizuri.