Somo: Tangazo la jengo limebandikwa mtaani, wakazi na wenye biashara ndogo wafanye nini?

Kila wiki napigiwa simu na swali ni lile lile: "Katibu, kuna ploti inageuzwa kuwa ya biashara hapa kwetu, tuanzie wapi?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hivyo naandika hapa mara moja. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi hapa Nakuru, lakini sheria ninazotaja ni za Kenya nzima. Wa Kisumu, Kakamega na Bungoma, tumieni vilevile.

Jengo jipya laweza kumletea mama mboga wateja au likamfukuza kabisa. Kinachoamua mara nyingi ni masharti yanayoandikwa kwenye kibali, na masharti huombwa kabla kibali hakijatoka. Tingatinga likishafika, mnabaki kulia tu.

Hatua ya 1. Piga picha ya tangazo. Namba ya ploti, jina la mwombaji wa kibali na tarehe zisomeke.

Hatua ya 2. Hesabu siku. Za kutoa maoni kwa kawaida ni 14. Tena, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Msifurahie ofisi ikinyamaza.

Hatua ya 3. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuona ombi na ramani. Ukinyimwa, andika barua kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ina hadi siku 21 kujibu, na hizo zinazidi zenu 14, kwa hivyo msiisubiri. Pelekeni maoni na mseme humo kwamba mmenyimwa ramani.

Hatua ya 4. Tembeeni mtaa mkiandika kila biashara inayoguswa: anauza nini, amekaa wapi, ana leseni au analipa ada ya siku.

Hatua ya 5. Andika maoni na uyafikishe. Someni hapa polepole. Vikundi vingi vinaangukia hapa, na chetu kimewahi kuanguka. Watu wanaitwa barazani, wanazungumza vizuri, wanapigiwa makofi, wanasaini karatasi ya mahudhurio na kurudi nyumbani wakidhani wamepinga. Kwenye faili hakuna neno lao hata moja. Iliyomo ni orodha ya majina, na mtu akitaka anaweza kuiambatisha kama ushahidi kwamba wakazi walishirikishwa na wakakubali.

Kwa hivyo: usisaini karatasi isiyo na kichwa. Ikiwa haina, andika juu yake kwa kalamu, "Mahudhurio pekee, maoni yameletwa kwa barua." Barua iwe nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Karani akisema muhuri hauko, ngoja. Usimwachie mlinzi langoni.

Ndani ya barua, "tunapinga" peke yake haisaidii. Ombeni vitu vinavyopimika. Kwa mfano: lango la magari lifunguke barabara ya nyuma, kwa sababu mbele kuna wauza nyanya sita na steji ya boda. Mtaro ufunikwe kwa zege lakini usizibwe, maana maji ya mvua yote ya upande wa juu yanapita hapo. Sakafu ya chini iwe na vyumba vidogo vya kupangisha, si duka moja kubwa pekee. Takataka za ujenzi zisimwagwe mbele ya maduka. Kila ombi liwe na sababu yake ya sentensi moja, na orodha ya hatua ya 4 iambatishwe.

Hatua ya 6. Uamuzi ukitoka hamjaridhika, mna siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti. Baada ya hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Nakala yenye muhuri ndiyo mtaingia nayo huko.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi wa Pipeline: Sijasoma yote. Nitumie tu fomu ya kujaza.

Katibu: Ni barua unayoandika mwenyewe. Rudi hatua ya 5.

Fundi cherehani, Kaptembwa: Katibu, mimi ni mpangaji tu, ploti si yangu. Maoni yangu yatapokelewa kweli?

Katibu: Swali zuri sana, dada. Ndiyo. Kwenye rufaa, sheria inataja mwombaji au mtu mwenye maslahi, na haikusema lazima awe na hati ya ardhi. Kazi yako ni kuonyesha maslahi hayo. Ambatisha nakala ya leseni ya biashara, risiti za kodi ya chumba, hata risiti za ada ya kaunti ukizipanga kwa mwezi. Wenye vibanda wengi hutupa hizo risiti jioni ileile. Anza leo kuziweka kwenye bahasha. Ukikwama kwenye kuandika, nitumie rasimu, nitaisoma.

Msomaji, Kondele: Nyinyi vikundi vya wakazi ndio mnafukuza wawekezaji. Mnalipwa na nani?

Katibu: Hatulipwi. Onyesha ni sharti gani kati ya yale manne linalomzuia mtu kujenga.

Muuza samaki, Kisumu: Sisi tuko kando ya barabara, hakuna ploti wala tangazo. Tukiambiwa tutoke?

Katibu: Pole mama, hali yenu ni tofauti na sitakudanganya. Hifadhi ya barabara haiwi yenu kwa kukaa miaka mingi. Kwanza jueni barabara ni ya nani: KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini), KeRRA (za vijijini) au kaunti, ili msilalamikie ofisi isiyohusika. Pili, pelekeni ombi la maandishi kwenye bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki hiyo. Ombeni notisi ya kutosha na mahali mbadala penye maji na kivuli, maana samaki hawangoji. Tatu, mahali hapo paingizwe kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kisichokuwa kwenye mpango huo ni vigumu kupata pesa.

Kinyozi, Free Area: Na leseni kupanda bei? Nina kiti kimoja, natozwa kama mwenye saluni kubwa.

Katibu: Ada hupangwa kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti, kila mwaka, na maoni ya umma huitishwa kabla haujapitishwa. Tafuta jedwali la ada nyuma kabisa ya mswada, nukuu mstari unaokuhusu, na uandike unataka usomekeje: "kinyozi, kiti kimoja hadi viwili" uwe na kiwango chake. Kusema "ada ni ghali" hakubadilishi mstari wowote.

Mwenye hoteli, Section 58: Naongeza moja. Jengo lilipoanza kwetu tulimwendea mkandarasi tukakubaliana chakula cha mafundi kitoke vibanda vya hapa. Tulizunguka zamu.

Katibu: Hiyo ni nzuri sana, nitaiweka kwenye somo. Mlikubaliana vipi kuhusu deni?

Mwenye hoteli, Section 58: Kila kibanda kina daftari, fundi anasaini sahani aliyokula, msimamizi wa kazi analipa Jumamosi kabla mafundi hawajalipwa. Wiki isipolipwa, Jumatatu hakuna kupika.