Jinsi ya Kuomba Kusoma Nyaraka katika Hifadhi Maalumu ya Maktaba ya Chuo Kikuu

Kwenye maktaba ya kawaida unaingia, unapita kwenye rafu, unachomoa kitabu, unaketi. Hifadhi maalumu haiko hivyo. Rafu zake hazifikiwi na wasomaji, na vingi vilivyomo havina nakala nyingine popote: barua za mkono, shajara, miswada, picha, ramani, kanda za sauti, mafaili ya vyama vilivyokwisha kufa. Unaomba kitu kwa jina na namba yake, unaletewa, unasoma mtumishi akikuangalia, unarudisha. Ndiyo maana karibu kazi yote ya ombi hufanyika kabla hujafika, na wengi hukwama hapohapo.

Wapo wanaodhani lazima uwe profesa. Si kweli. Hifadhi nyingi humpokea mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwandishi wa habari, hata mtu anayefuatilia ukoo wake, alimradi ana sababu inayoeleweka na yuko tayari kufuata masharti.

Hatua ya kwanza: orodha kabla ya fomu

Nyaraka hazipangwi kwa mada. Hupangwa kwa mtu au taasisi zilikotoka, na kadiri inavyowezekana kwa mpangilio uleule aliouacha mwenyewe. Wazo hili la kufuata zilikotoka liliwekwa katika waraka wa serikali ya Ufaransa mwaka 1841, na mpaka leo ndilo linaloongoza kazi hii. Kwa mgeni linaleta tabu moja: unachokitafuta mara nyingi kiko chini ya jina la mtu mwingine.

Chukua mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Muyaka alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikuja kukusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua, akishirikiana na mmisionari Mwingereza William Taylor, na karatasi za Taylor ziliishia katika maktaba ya SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika kilichoko London. Anayemtafuta mshairi inabidi aanze na mmisionari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako ni hivyo hivyo: mtu anayetaka habari za sheria za mila za Wahaya au Wasukuma asiishie kutafuta majina ya makabila hayo, aulizie karatasi za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, zilizohifadhiwa humo.

Basi kabla ya kufungua katalogi jiulize: nani angeweza kuandika, kupokea au kukusanya hiki ninachokitaka? Andika majina matano au sita kwenye karatasi, kisha tafuta moja baada ya jingine.

Ukipata mkusanyo, yaani nyaraka zote za mtu au taasisi moja, soma utangulizi wa orodha yake, ile sehemu ambayo kila mtu huiruka. Humo utakuta historia fupi ya mwenye nyaraka, ukubwa wa mkusanyo (kwa kawaida hutajwa kwa idadi ya maboksi au mita za rafu), lugha zilizotumika, na masharti ya matumizi. Kisha orodha hushuka ngazi kwa ngazi: mkusanyo, mfululizo (kundi la nyaraka za aina moja), boksi, jalada (faili). Nakili namba ya rejea kama ilivyo, pamoja na mikwaju (/) na nukta zake. Kosea alama moja, uletewe boksi la mtu mwingine kabisa.

Hatua ya pili: kuandika ombi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo. Ombi la aina hii halimsaidii mtu: "Naomba kuona nyaraka zenu zote kuhusu elimu wakati wa ukoloni." Mhifadhi akilisoma hana pa kuanzia, atakujibu kwa kukurudisha kwenye orodha, na wiki itakuwa imepita. Linganisha na hili:

"Ndugu Mhifadhi Nyaraka,

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia. Naandika tasnifu kuhusu mafunzo ya walimu wa shule za msingi kati ya mwaka 1945 na 1961. Nimepitia orodha ya mkusanyo wenu (jina na namba) na ninaomba kusoma boksi la 3, majalada ya 2 hadi 5, na boksi la 7, jalada la 1. Naweza kufika siku yoyote kuanzia tarehe 9 hadi 13 mwezi ujao. Naomba kujua kama majalada haya yako wazi kwa wasomaji, na kama naruhusiwa kuyapiga picha kwa matumizi ya kusoma tu. Aidha, kama kuna nyaraka zinazohusiana na mada hii ambazo hazijaingia kwenye orodha, nitashukuru kuelekezwa.

Wako mtiifu,"

Sentensi ile ya mwisho ndiyo ya thamani zaidi katika barua nzima. Karibu kila hifadhi ina maboksi yaliyopokelewa lakini hayajapangwa, na wanaoyajua ni wale wanaoyaona kila siku. Mhifadhi aliyeelewa kazi yako atakutajia jambo ambalo kompyuta isingekutajia. Kwa hiyo mweleze mada yako kwa uwazi, na usione haya kama bado haijakaa sawa.

Hatua ya tatu: usajili na vibali

Hii haina maneno mengi. Andaa kitambulisho chenye picha na anwani yako ya sasa. Kama wewe si wa chuo hicho, huenda ukadaiwa barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako, kwa mwajiri, au kwa mtu anayeifahamu kazi yako. Uliza pia kuhusu kibali cha utafiti cha taifa: Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Tanzania shughuli hiyo iko chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kibali kama hicho huchukua muda, kwa hiyo kianze kabla hujakata tiketi.

Mwisho utatia saini kwamba utafuata kanuni za chumba cha kusomea. Bodleian, maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wana kiapo chao cha zamani, na msomaji mpya bado huahidi kutowasha moto maktabani. Linachekesha, lakini ukikumbuka kilichomo humo ni karatasi tu, unaelewa.

Hatua ya nne: kusubiri, na pengine kukataliwa

Usifike bila miadi. Maboksi mengine huhifadhiwa kwenye jengo jingine mbali na maktaba na huletwa kwa zamu. Watumishi nao wana shughuli nyingine: kupokea mikusanyo mipya, kukarabati karatasi zilizochanika, kuskani, kuandaa maonyesho, kupokea madarasa ya wanafunzi. Siku ya darasa, chumba cha kusomea kinaweza kufungwa. (Kama wewe ni mhadhiri, hilo la darasa unaweza kuliomba. Taja idadi ya wanafunzi na somo, na watumishi wakuchagulie vitu vya kuonyesha.)

Jalada likiwa limefungwa, sababu huwa ni mojawapo ya hizi: lina taarifa binafsi za watu walio hai, aliyelitoa aliweka sharti la miaka kadhaa, au karatasi zimechakaa mno kushikwa. Usijibu kwa kulalamika. Uliza litafunguliwa lini, kama sehemu yake inaweza kusomwa, kama kuna nakala ya dijiti au mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa), na kama unaweza kumwomba ruhusa mtoaji au familia yake kupitia kwa mhifadhi. Maswali haya manne yamefungua majalada mengi.

Siku yenyewe

Begi, koti, chupa ya maji na kalamu ya wino vinabaki kabatini. Unaingia na penseli, karatasi, kompyuta mpakato, na simu iliyozimwa sauti. Penseli kwa sababu doa la wino halifutiki.

Utapewa boksi moja kwa wakati, na kutoka humo unatoa jalada moja tu. Weka kipande cha karatasi ngumu pale ulipolitoa. Karatasi zigeuze moja moja juu ya meza, usiziinue usoni. Ukikuta barua ya 1952 katikati ya zile za 1948, iache hapohapo; huenda mwenyewe aliiweka pale kwa makusudi, na kama ni kosa, mwambie mtumishi. Glovu nyeupe za kwenye filamu usizitegemee sana: kwa karatasi, hifadhi nyingi hupendelea mikono safi na mikavu, kwa sababu glovu huondoa hisia ya vidole na kuchana kingo. Glovu huvaliwa kwa picha, kwani jasho la vidole huacha alama juu yake.

Unapopiga picha, anza kila jalada kwa kupiga picha ya uso wa jalada lenyewe ukionyesha namba. Usipofanya hivyo utarudi nyumbani na mamia ya picha za barua usizojua zilikotoka, na huwezi kuzitaja kwenye tasnifu.

Kunakili na kuchapisha

Ruhusa ya kusoma si ruhusa ya kuchapisha. Karatasi inaweza kuwa mali ya maktaba huku hakimiliki ikiwa ya mtu mwingine. Kwa barua, hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyeandika, si ya aliyeandikiwa, na baada ya kifo chake hurithiwa. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki uliotiwa saini mara ya kwanza mwaka 1886, unadai ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Uingereza kwa kawaida ni miaka 70. Kwa hiyo ukitaka kuweka picha ya hati kwenye kitabu au mtandaoni, andika ombi la pili: taja namba ya rejea, ukurasa, mahali itakapotokea, na idadi ya nakala. Maktaba itakupa ruhusa ya upande wake na pengine kudai ada. Mwenye hakimiliki unamtafuta mwenyewe.

Kama huwezi kusafiri, omba nakala ya dijiti kwa barua ileile ya hatua ya pili, lakini punguza: jalada moja au mawili, kurasa unazozihitaji tu, na uulize bei kabla kazi haijaanza.