Kabla hujapanda kwenda Omani bara

Wengi wetu tukishuka Maskati tunaijua Omani ya pwani tu: bandari, soko la Matrah, na jamaa waliozaliwa Unguja wanaokupokea kwa Kiswahili utadhani hujatoka nyumbani. Ukiamua kupanda bara, kuelekea Nizwa na majangwa yaliyo nyuma yake, jiandae kwa namna nyingine. Kofia na viatu utavipata huko huko. Ninachokusihi uende nacho ni habari za ardhi utakayoikanyaga, kwa sababu wenyeji wa bara hawajazisahau.

Anza na maji, mafuta yatafuata. Vijiji vya bara vimesimama juu ya falaji, mfereji unaochukua maji chini ya mlima na kuyateremsha mpaka kijijini bila pampu yoyote, kwa mwinamo wa ardhi peke yake. Mitano kati yake, pamoja na Falaji Daris ya Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yana mpangilio: mwanzo wa mfereji ni pa kuteka ya kunywa, yakishuka ni ya kutawadha na kuoga, mwisho yanaingia kwenye mitende. Zamu ya shamba huhesabiwa kwa athari, kiasi cha nusu saa, nayo hurithiwa, huuzwa na hukodishwa kama mali nyingine. Nilipofika mara ya kwanza kwenye falaji ndogo nje ya Nizwa, jua likiwa limenichosha, nilivua viatu nitumbukize miguu pale nilipoona maji yametulia. Mzee mmoja akanishika bega taratibu, akanielekeza bondeni kwa kidole. "Miguu kule, mwanangu. Hapa twanywa." Kiswahili chake kilikuwa cha Pemba. Niliona haya, lakini siku ile ndiyo nilielewa kwamba kule kila tone lina wenyewe.

Na kama tone la maji lina wenyewe, fikiria kilichotokea watu walipoambiwa chini ya mchanga kuna mafuta. Ujue kwamba mpaka mwaka 1970 nchi hii iliitwa Maskati na Omani, majina mawili kwa sababu zilikuwa himaya mbili. Pwani alikaa Sultani. Bara alikuwako Imamu wa madhehebu ya Kiibadhi, aliyechaguliwa na wanazuoni na masheikh wa makabila. Mkataba wa Sib wa 1920 uliwaacha waishi hivyo, kila mmoja na wake. Kilichouvunja ni Fahud, kilima cha mawe jangwani ambacho wataalamu walikitilia matumaini makubwa. Mwaka 1954 jeshi la Sultani, lililogharimiwa na kampuni ya mafuta, lilisogea kulinda wachimbaji, na Imamu mpya, Ghalib bin Ali, akaona ardhi yake imeingiliwa. Desemba 1955 Sultani Said bin Taimur aliingia Nizwa. Bara ikainuka tena 1957, Waingereza wakaleta ndege, na vita vikaishia juu ya mlima wa Jabal Akhdhar Januari 1959.

Usipite Nizwa bila kwenda Tanuf, ni karibu. Kuta za udongo za kijiji kilichopigwa mabomu katika vita hivyo bado zimesimama bila paa, na falaji inapita kando yake. Ukiwa na mwenyeji pale, nyamaza kwanza. Akitaka kusimulia atasimulia mwenyewe.

Jambo linaloniuma katika habari hii ni kwamba kisima cha kwanza cha Fahud, kilichoanza kuchimbwa 1956, kilitoka kikavu. Mwaka 1960 washirika kadhaa wa kampuni walijitoa. Mafuta yalipatikana Yibal mwaka 1962, kisha Natih, na 1964 yakatoka Fahud penyewe, mita mia chache tu kutoka lile shimo kavu. Meli ya kwanza iliondoka na shehena Julai 1967. Hata hivyo, Qaboos, mwana wa Sultani Said, alipomwondoa baba yake tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu na kiasi cha kilomita kumi za lami. Shikilia picha hiyo utakapokuwa unateleza kwenye barabara ya njia nne kwenda Nizwa. Waomani waliorudi kutoka Zanzibar, wengi wakiwa wamesoma, walishika kalamu katika ofisi nyingi za miaka ile. Ila usimwulize mtu kwa haraka familia yake iliondokaje Unguja. Mapinduzi ya 1964 yameacha majeraha pande zote mbili za bahari.

Visima vya leo navyo havitoi mafuta bila jasho. Baadhi ya mafuta ni mazito, hubidi yasukumwe kwa mvuke, na hupanda pamoja na maji mengi machafu. Huko Nimr, kwenye visima vya kusini, wameotesha matete jangwani, eneo kubwa, yachuje maji hayo. Kuingia maeneo ya visima kunahitaji kibali, basi usijaribu njia za mkato kwa kufuata bomba.

Ukiendelea kusini hadi Dhofar, nchi ya ubani, fahamu kwamba nako kulikuwa na vita vyake, kuanzia miaka ya sitini mpaka 1975. Salalah ni kama kilomita elfu moja kutoka Maskati. Jaza tangi kila unapoona kituo, na beba maji kuliko unavyodhani yatatosha.

La mwisho ni wadi. Bonde kavu ulilolivuka asubuhi linaweza kuteremsha mafuriko jioni hata kama juu yako mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Ukiona maji ya rangi ya udongo yanakatiza barabara, zima gari upande huu, hata kama mwenye gari kubwa anakupita, na usubiri.