Ukija Kampala, chagua kwanza mtaa, chumba baadaye

Ndugu zangu mnaopanda basi kutoka Nairobi au Dar kuja Kampala: vyumba vya bei ya chini mtavipata karibu na stendi, lakini mtalala na honi na wapiga debe. Kabalagala nako muziki haunyamazi mpaka alfajiri. Raha kama umekuja kucheza, adhabu kama una kikao saa mbili asubuhi.

Mimi wageni wangu huwapeleka Mengo au mteremko wa Namirembe. Pametulia, na kushuka hadi Old Taxi Park unaweza kwa miguu. (Taxi hapa ndiyo matatu au daladala yenu, si gari la kukodi peke yako.) Old Kampala pia pazuri, ila msikiti mkuu uko hapo hapo kilimani, adhana ya alfajiri itakuamsha.

Usilipe kabla hujaingia chumbani. Fungua bomba, uliza kama kuna jenereta, na uhakikishe bei ni ya usiku mzima; kuna lodge zinazohesabu kwa saa! Anayerudi kwa ndege akumbuke Entebbe ni kama kilomita 40, na foleni ya jioni haina huruma.