Jinsi ya kutembea Camino ya Wareno hadi Santiago, ukianzia darajani Valença

Watu wengi wakisikia Camino de Santiago, ile hija ya miguu ya Wakristo hadi mji wa Santiago, Hispania, wanawaza ile njia ndefu ya kutokea mpaka wa Ufaransa, karibu kilomita 800, basi wanakata tamaa hapohapo. Kuna njia ya Wareno, Camino Portugués, na kama likizo yako ni fupi usianzie Lisbon wala Porto, anzia Valença, mji wa mpakani kaskazini mwa Ureno, uvuke kwa miguu kuingia Tui upande wa Hispania. Hapo hadi Santiago ni kama kilomita 118, siku sita zinatosha bila kujiumiza. Mimi naipenda hii kuliko zote maana unawaona Wareno na Wahispania wakiwa majirani kabisa, mto tu katikati.

Viza kwanza. Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaombwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo hata kama ndege inatua Porto, ukilala siku nyingi Hispania unaomba Hispania. Miezi mizuri ni Mei, Juni na Septemba, ila koti la mvua beba tu, Galicia, jimbo la Hispania utakalolipita, mvua haina ratiba. Viatu visiwe vipya, malengelenge ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani, na begi la mgongoni lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako.

Kabla ya kuanza tafuta credencial, kile kijitabu cha kugongewa mihuri, makanisa makubwa na hosteli za mahujaji wanauza kwa euro chache. Gonga mihuri miwili kila siku, baa wanagonga, kanisani wanagonga, hotelini wanagonga, bila hiyo mihuri cheti cha mwisho hupati, na sharti lingine ni uwe umetembea angalau kilomita 100.

Valença lala usiku mmoja ndani ya ngome, ni ngome kubwa kwelikweli na imeielekea Tui moja kwa moja, ukisimama ukutani unaelewa hawa watu walivyokuwa wanachungana. Asubuhi vuka daraja la chuma la mwaka 1886 juu ya mto Minho, treni inapita juu, magari chini, na we pembeni. Ukifika ng'ambo sogeza saa yako mbele saa moja. Galicia iko juu tu ya Ureno lakini Franco, dikteta wa Hispania, alisogeza saa za Hispania mwaka 1940 na hazijarudishwa mpaka leo, ndo maana mwezi Juni jua linazama saa nne usiku na watu wanakula chakula cha mchana saa nane, cha usiku saa tatu. Ukiingia mgahawani saa kumi na mbili jioni na njaa yako utakuta jiko limefungwa, kwa hiyo beba mkate na jibini.

Njia yenyewe huwezi kupotea, fuata mishale ya njano, ubunifu wa padri Elías Valiña aliyeanza kuichora miaka ya 1980. Ila ukiwa bado Ureno usifuate ya bluu, hiyo inaelekea Fátima, mji mwingine wa hija hukohuko Ureno. Vituo vya kulala ni O Porriño, Redondela, Pontevedra, Caldas de Reis, Padrón, halafu Santiago. Kabla ya O Porriño kuna barabara ndefu ya viwandani inachosha sana, chukua njia ya pembeni inayofuata mto Louro. Pontevedra usipite haraka, katikati ya mji magari karibu hakuna, watoto wanacheza mpira uwanjani mpaka usiku, na kanisa la Virxe Peregrina limejengwa kwa umbo la ganda la kombe, alama ya mahujaji. Caldas kuna maji ya moto ya asili, tumbukiza miguu. Padrón agiza zile pilipili ndogo za kijani za kukaanga na chumvi ya mawe, nyingi hazina ukali ila moja moja itakuwasha vibaya. Pweza naye kila mahali, anachemshwa, anakatwa kwa mkasi, anamwagiwa mafuta ya zeituni na paprika, anakuja kwenye sahani ya mbao.

Hosteli za serikali ya Galicia ni kama euro 10 na hazina buking, anayewahi ndo analala, kwa hiyo toka alfajiri. Kagua godoro kama lina kunguni.

Santiago nenda ofisi ya mahujaji kwanza, cheti ni bure. Misa ya saa sita mchana kwenye kanisa kuu wahi mapema na begi kubwa liache nje, kanisani haliruhusiwi. Kile chetezo kikubwa, Botafumeiro, kinachovutwa na wanaume wanane, hakirushwi kila siku, usipange safari yote kwa ajili yake. Na mwaka 2027 ni Mwaka Mtakatifu, maana 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo ambaye ndiye Santiago mwenyewe, inaangukia Jumapili, watu watajaa, kama unalenga huo anza kutafuta malazi ya Santiago mapema sana.